Jeneza la Golem katika riwaya ya Kavalier na Clay

Ndugu, umeuliza Golem, yule mtu wa udongo wa hekaya za Kiyahudi, anatafuta nini katika riwaya ya Michael Chabon (2000), ilhali hadithi ni ya binamu wawili, Joe na Sammy, wanaotunga vitabu vya katuni New York. Tazama jeneza lake. Joe, Myahudi, anawatoroka Wanazi huko Prague amejificha humo pamoja na Golem, na wakati huo ni jepesi ajabu. Miaka mingi baadaye linamfikia Marekani limejaa udongo mtupu, zito kupindukia. Mimi nausoma uzito ule kama jamaa zake waliobaki nyuma. Shujaa wa katuni zao, Escapist, mwenye ufunguo wa dhahabu, hufungua kila mnyororo. Joe hakuweza kumwokoa hata mdogo wake. Na Sammy? Kifungo chake ni siri ya moyoni, kwamba anapenda wanaume; ufunguo ule wa dhahabu haukifikii.