Unafanyia kazi nyumbani? Nani atajua kama umezidiwa?

Juzi kuna dada wa Mwanza kanitumia meseji ndefu, anasema ameacha kazi ya ofisini, anataka kuanza kutafsiri akiwa nyumbani, anaomba nimwambie anunue laptopu gani na bando gani litamtosha. Hayo nimemjibu kwa sentensi mbili. Halafu nikamuuliza, mdogo wangu, ukizidiwa saa nane usiku humo chumbani kwako nani atajua? Hajajibu mpaka sasa, ndo maana naandika hapa, na wewe unayetamani kujiajiri usome.

Mimi nakaa Tabata peke yangu, mwaka wa tano huu natafsiri na kuandika yale maneno ya chini ya video. Kwangu dharura ilikua umeme na mtandao basi. Mgao wa 2023 ulinifanya ninunue betri na inveta ndogo, na Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika intaneti ikawa ya kusuasua siku kadhaa, mimi mafaili yangu nilikua nimeshayashusha, nikapeleka kazi kwa wakati. Nilijisifu sana siku ile, niliona nimejipanga kuliko wenzangu wote.

Mwaka jana mwezi wa nane, Jumanne mchana, tumbo likaanza kuuma pale kwenye kitovu. Nikasema vidonda hivi, maana ninavyo, nikanywa dawa yangu nikaendelea na kazi ya kukabidhi Alhamisi. Jioni maumivu yakahamia chini upande wa kulia, natapika, homa inapanda, bado nasema vidonda. Kufika saa saba usiku siwezi kusimama. Mlango wa grili nimefunga kufuli mbili kwa ndani, funguo ziko jikoni, nikatambaa kuzifuata, na simu nilipiga kwa watu wanne hakuna aliyepokea, wote wamelala. Wa tano ni mama wa genge la mtaani kwetu, namba yake nilikua nayo kwa sababu namuagizaga mboga. Ndo aliyekuja na kijana wake, funguo nikawapitishia dirishani, wakanipakia kwenye bajaji.

Kilikua kidole tumbo na kilishapasuka. Hospitali wanataka hela ya kuanzia, mimi kwenye simu nina elfu arobaini na moja. Hela nilikua nayo jamani, ila ilikua dola kwenye akaunti ya nje ambayo mpaka ifike benki huku ni siku mbili tatu. Ndugu zangu wakachangishana usiku ule ule. Siku za wodini sitazisimulia.

Siku ya nane nafungua laptopu nakuta imeili za mteja wangu wa miaka miwili. Ya kwanza ananiulizia kwa upole, ya pili ana haraka, ya mwisho mistari miwili tu, kazi kampa mtu mwingine. Nikamtumia picha ya karatasi za hospitali, hakujibu, na mpaka leo inaniuma kwa sababu miaka miwili yote sijawahi kumchelewesha hata saa moja. Halafu shangazi yangu anakuja kuniona anasema afadhali wewe huna kazi ya kuwahi.

Nilipokua ofisini Posta, ikifika saa nne sijaonekana dada wa mapokezi anapiga, upo wapi leo? Nyumbani hakuna huyo mtu. Mteja hajui unakaa wapi, ndugu hawajui kama una kazi. Sasa huyo mtu inabidi umtafute wewe mwenyewe, na umtafute ukiwa mzima.

Mimi dada yangu wa Kibaha kila siku kabla ya saa tatu asubuhi namwandikia nimeamka. Ikifika saa tano kimya, anapiga, nisipopokea anampigia mama wa genge, ambaye ana ufunguo wa akiba, na zile kufuli mbili za ndani nimeacha kuzifunga. Dada huyo huyo ana karatasi yenye imeili za wateja wangu na ujumbe ulioandikwa tayari, yeye ni kutuma tu. Na wateja wapya nawaambia mapema, masaa 24 bila kunisikia mwandikie huyu. Simu yangu ukiigusa imefungwa inaonyesha namba za dharura, weka na yako leo. Hela weka hapa hapa, kwenye simu au benki ya nyumbani, mimi nimeweka laki tano na siigusi hata kodi ikinibana. Bima nimekata. Na tumbo likihama kutoka kitovuni kwenda chini kulia usibishane nalo, usimalizie kwanza kazi ya mtu, nenda hospitali. Vijana mnasema mna afya, na mimi nilikua nayo Jumatatu.

Wiki iliyopita nilikesha na kazi nikapitiwa mpaka saa tano na nusu, simu nimeizima sauti. Nashtuka nasikia kitasa kinafunguliwa, mama wa genge kaingia na khanga yake mabegani, anahema, genge kaliacha wazi. Akaniangalia, akakaa kwenye kochi, akasema mpigie dada yako kwanza.