Nanoteknolojia inatuhusu hata sisi wa Lubumbashi

Ndugu uliyeuliza kama mjadala wa maadili ya nanoteknolojia, yaani ufundi wa kutumia chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ni wa nchi tajiri peke yake, nakujibu kwa yale ninayoyaona kazini, kwa maana nauza dawa mjini Lubumbashi na teknolojia hiyo imekwisha kufika kwenye rafu zetu.

Tazama mafuta ya kukinga jua wanayopaka watu wenye ualbino. Mengi yana dioksidi ya titani au oksidi ya zinki, na madini hayo yakisagwa mpaka chembe zake ziwe chini ya nanomita 100, yaani chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, hayaachi weupe usoni, hivyo kijana aliyekataa kupaka kwa kuogopa kuchekwa huanza kupaka. Wataalamu wa Umoja wa Ulaya waliona kwamba chembe hizo ni salama zikipakwa kwenye ngozi isiyo na jeraha, lakini hawakushauri zipulizwe mahali zinapoweza kuingia mapafuni. Katika chakula, dioksidi ya titani iitwayo E171, ambayo sehemu ya chembe zake ni ndogo kiasi hicho, ilizuiwa Ufaransa mwaka 2020 na Umoja mzima mwaka 2022, kwa kuwa hofu ya kudhuru vinasaba haikuweza kuondolewa.

Basi kitu ni kilekile, ila hatari yake hufuata njia kinayoingilia mwilini, na mnunuzi hawezi kujilinda asipoambiwa kilichomo. Tangu 2013 sheria ya vipodozi ya Ulaya inadai neno "nano" liandikwe kando ya kiambato kama hicho. Kwetu, mafuta yakishavuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nimeyakuta katika soko la mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi, yamegawanywa katika vikopo vitupu visivyo na maandishi yoyote, na wanaonunua hivyo ni akina mama wasio na fedha za kununua chupa nzima. Dhuluma ninayoiona mimi iko hapo: maskini hupata dawa bila maelezo yake.

Sikubaliani kabisa na wanaotaka mafuta hayo yapigwe marufuku, kwa sababu saratani ya ngozi inayomngojea mtoto mwenye ualbino chini ya jua la Katanga si jambo la kukisia. Ninachodai ni kwamba kila anayegawanya mafuta anakili viambato kwa Kifaransa na Kiswahili, abandike karatasi hiyo kwenye kila kikopo, na wakaguzi wa serikali wadai kuiona kama wanavyodai tarehe ya mwisho ya dawa.