Ukipewa Nafasi ya Bubu, Ipokee

Ndugu yangu unayeishi ughaibuni, unayepita kila siku mbele ya tangazo la usaili wa maigizo ukijiambia kwamba kwa lafudhi yako hayo si mambo yako: ingia. Mimi nilipita mbele ya tangazo kama hilo miaka mitatu, katika mji mdogo wa jimbo la Minnesota. Hata siku niliyoingia nilitaka kujiandikisha kupaka rangi tu. Mama aliyekaa mlangoni akanipa fomu ya waigizaji, akasema rangi itasubiri.

Kikundi kile cha ridhaa kilikuwa kinaandaa Once Upon a Mattress, tamthilia ya nyimbo na vichekesho iliyoanza New York mwaka 1959, muziki wake umetungwa na Mary Rodgers. Ndiyo iliyomfikisha mchekeshaji Carol Burnett Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, kwa mara ya kwanza. Msingi wake ni ile ngano ya Andersen ya mwaka 1835, ya binti mfalme anayelazwa juu ya magodoro 20 na chini yake punje moja ya njegere. Humu malkia amepiga marufuku ndoa nchini mpaka mwanawe apate mke, na kila binti anayekuja humpa mtihani asioweza kuushinda. Mumewe, Mfalme Sextimus, amelogwa asiseme neno. Huyo ndiye niliyepewa.

Niliumia. Nilidhani wameificha sauti yangu. Kumbe mfalme huyo yuko jukwaani muda mrefu, na kila anachotaka lazima hadhira ikisome mikononi na usoni mwake. Kuna mahali inabidi amweleze mwanawe mambo ya ndoa, kwa ishara tupu, na kijana anaimba kile anachokielewa. Kwetu mazungumzo hayo baba huyakimbia, akamwachia babu au mjomba. Nikayaigiza nikikunja uso na kutoa macho ili watu wacheke. Usiku ule wa mazoezi hakucheka mtu.

Mwongozaji wetu akanivuta pembeni. Akaniambia nisitake hadhira icheke, nitake mwanangu aelewe. Kama haelewi, nirudie kwa subira, kama baba anayempenda mtoto wake na muda unamwishia. Nikamkumbuka babu yangu Tanga, alivyokuwa akitafuta pa kuanzia kila alipokuwa na jambo zito la kumwambia mjukuu: anakohoa, anatengeneza kofia, anakohoa tena. Nikamleta babu jukwaani. Ukumbi wa mazoezi ukacheka mpaka mpiga piano akasimama. Basi ukipewa nafasi ya kuchekesha, mtafute mtu unayempenda ambaye jambo hilo kwake si mzaha hata kidogo, umwige huyo kwa heshima. Na kicheko kikija, kiache kipande juu. Kikianza kushuka, endelea kabla hakijafa. Hilo hulipati mbele ya kioo, unalipata mbele ya watu.

Jambo jingine lilinichukua muda kulizoea. Sisi tuliokulia Tanzania enzi za vikundi vya sanaa vya Muungano na TOT tulizoea usiku mmoja wenye ngoma, sarakasi, vichekesho na taarabu, na wachekeshaji wakibuni maneno papo hapo kwa kuwatazama waliokaa mbele. Tamthilia hizi za Marekani hazikupi ruhusa hiyo. Haki za kuigiza hulipiwa, na neno halibadilishwi bila idhini ya wenye haki. Usione ni kifungo. Maneno yakifungwa, mwili unabaki huru: namna ya kukaa, ya kugeuka, ya kuchelewa kidogo kabla ya kuitika. Ubunifu wako uuelekeze huko.

Halafu kuna magodoro. Nawasihi msirudie tulivyofanya. Tulianza kwa kuomba magodoro halisi ya watu, tukayapanga. Yakifika saba yanabonyea upande mmoja na mnara unayumba, na juu yake dada wa watu ndiye anayetakiwa kulala, kujigeuza na kuimba. Tuliyashusha usiku uleule. Fundi seremala mstaafu, aliyekuja kumtazama mjukuu wake akiimba kwaya, akatujengea fremu ya mbao yenye miguu sita, ngazi ya nyuma na ukingo mdogo upande usioonekana. Mbele tukagonga vipande vya sponji vilivyofungwa vitambaa vya rangi tofauti, 19 kwa hesabu, na godoro la kweli likawa moja tu, la juu kabisa. Fremu hiyo ijengwe mapema, walau wiki tatu kabla ya onyesho, ili mwigizaji aizoee. Tuliyemweka juu alihitaji siku nne ndipo aache kushikilia mbao.

Muda nao upangilie na nyumbani kwako kabla hujasema ndiyo. Sisi tulikuwa na jioni tatu kwa wiki, saa moja hadi saa nne usiku, wiki nane. Wiki ya mwisho, ya taa na sauti, ilikuwa kila siku. Mke wangu ndiye aliyeibeba nyumba, na ni haki ajue tangu mwanzo.

Mwishoni mwa hadithi kijana anamkatalia mama yake, uchawi unavunjika, mfalme anasema na malkia ndiye anayebaki bubu. Usiku wa kwanza nilifungua kinywa na lafudhi ya Tanga ikatoka yote. Ukumbi ulipiga makofi mpaka nikashindwa kuendelea kwa muda.

Vitabu vya tamthilia vilikuwa vya kukodi, kwa hiyo kila maelezo uyaandike kwa penseli, maana vinarudishwa safi. Nunua kifutio laini. Jumatatu baada ya kubomoa jukwaa niliketi mezani nikafuta ukurasa baada ya ukurasa: hapa kohoa, hapa kofia, hapa msubiri mtoto.