Kumwita Mungu "mpenzi wangu": je, ni kosa?

Swali: Kwenye jumuiya yetu hapa Majengo, Moshi, dada mmoja alisali akasema, "Ee Mungu, mpenzi wangu." Mzee wa kanisa akamkatiza: hilo ni neno la vijana wa mtaani, aseme "mpendwa". Dada akajitetea kwa Wimbo Ulio Bora. Nani yuko sahihi?

Jibu: Nianze na huyo dada, maana kukatizwa katikati ya sala kunauma. Lugha hakuikosea.

Maneno yote mawili yanatoka kwenye "penda". "Mpendwa" limepitia kauli ya kutendwa: ni yule anayependwa. "Mpenzi" limeundwa kama "mlinzi" kutoka linda na "mpanzi" kutoka panda: ni yule apendaye. Ndiyo maana twasema mpenzi wa mpira. Baadaye matumizi yakalivuta limtaje pia anayependwa, hasa mchumba, na hapo ndipo mzee aliposhtuka. Lakini ndani ya kosta ya kwenda Arusha redio hutuita "wapenzi wasikilizaji", nasi twatulia. Na katika Biblia ya Union ya mwaka 1952, Waraka wa Tatu wa Yohana unamwita Gayo "mpenzi".

Hata hivyo Wimbo Ulio Bora haumtetei dada moja kwa moja. Soma 2:10: "Mpendwa wangu alinena, akaniambia, Ondoka, mpenzi wangu." Mwanamke anaita "mpendwa", mwanamume anaita "mpenzi". Kiebrania nacho kinatenga: "dodi" kwa mwanamume, "rayati" kwa mwanamke, na hili la pili lina undugu na neno la rafiki, mwenzi. Sasa, waliousoma wimbo huu kama mazungumzo ya nafsi na Mungu humweka Mungu upande wa mwanamume. Bernard wa Clairvaux, mtawa wa Ufaransa, aliuhubiri hivyo mara 86, na alipofariki mwaka 1153 alikuwa ndiyo kwanza anaingia sura ya tatu kati ya nane! Kwa mpango huo nafsi huita "mpendwa wangu", na Mungu ndiye aitaye "mpenzi wangu". Neno la mzee limo kitabuni. Sababu yake haimo.

Ila rudi kwenye muundo wa neno. Amwitaye Mungu mpenzi anamwambia, "Wewe unipendaye." Mimi sioni cha kukataza hapo. Kila Jumapili twaimba "Bwana wangu", neno lile lile ambalo mke humwitia mumewe nyumbani, na hakuna anayeikatiza kwaya.