Si kila kitu ni baridi: majibu ya maswali yenu kuhusu mkojo

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yana neno moja ndani yake: baridi. Nijibu hilo kwanza. Ni kweli kwamba Juni na Julai huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mtu hukojoa zaidi. Mishipa ya ngozi hujibana, damu hukimbilia ndani, figo huchuja zaidi, na jasho halitoki. Lakini mkojo wa baridi huwa mwingi, mweupe, na hausumbui kutoka. Ukiwa na damu, ukiuma, ukigoma kuanza, au ukiendelea kukuamsha hata Novemba joto likisharudi, tafuta sababu nyingine.

*Nina miaka 64, naishi Makete. Usiku naamka mara nne au tano. Chooni nasimama muda mrefu ndipo mkojo uanze, tena kwa matone. Wazee wenzangu wanasema ni ngiri ya baridi. Juzi nilimeza dawa za mafua, nikashindwa kukojoa hadi alfajiri.*

Shikamoo mzee wangu. Nianze na hizo dawa za mafua, maana ndizo zilizonitisha. Nyingi kati yake hubana shingo ya kibofu, nyingine hukilegeza kibofu kisiweze kusukuma. Kijana hahisi kitu, ila mwenye tezi dume iliyokua anaweza kuziba kabisa. Safari hii mkojo ulifunguka wenyewe. Ukigoma tena, tumbo la chini likajaa na kuuma, usisubiri kuche. Nenda hospitali uwekewe mpira wa kutoa mkojo. Mkojo usiotoka hurudisha shinikizo hadi kwenye figo.

Ulichonieleza si ngiri. Ngiri ni utumbo kupenya kwenye ukuta wa tumbo na kutokeza, mara nyingi kinenani. Lakini wenzako hawakukosea kote: anayejikamua miaka mingi ili akojoe anaweza kupata ngiri ya kweli juu ya tatizo la tezi. Ndiyo maana mzee akija na ngiri, mimi humwuliza kwanza anakojoaje.

Tezi dume imekaa chini ya kibofu, na mrija wa mkojo hupita katikati yake. Hukua kadiri umri unavyokwenda. Kwenye miaka 60, karibu nusu ya wanaume wana tezi iliyokua. Kukua huko si saratani wala hakugeuki saratani. Hata hivyo saratani inaweza kuwapo kwenye tezi hiyohiyo, na ikiwa changa mara nyingi haina dalili. Sisi watu weusi tuna hatari kubwa zaidi, na mwenye baba au kaka wa damu aliyeipata, hatari yake ni kama mara 2 ya mwingine. Kama kwenu imewahi kutokea, waambie wanao wa kiume wasingoje kufika umri wako. Miaka 45 inatosha kuanza kumwuliza daktari.

Utapimwa damu, kipimo kinachoitwa PSA, utapigwa altrasaundi, na daktari atapapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Najua hicho cha mwisho ndicho kinachowarudisha wengi mlangoni. Ni sekunde chache tu, na PSA peke yake haitoshi kwa sababu hupanda hata kwa maambukizi au kwa tezi iliyokua tu. Vipo vidonge vinavyolegeza njia ndani ya siku chache, na vingine vinavyopunguza tezi taratibu, kwa miezi. Kwa sasa punguza chai ya usiku na ulanzi (pombe ya mianzi) wa jioni, na kila ukienda duka la dawa taja shida yako ya mkojo kabla hujapewa dawa ya mafua.

*Mwanangu wa kiume, miaka 14, aliamka usiku analia korodani moja inauma, akatapika. Nilimkanda kwa maji ya moto nikidhani baridi imempiga. Maumivu yaliisha baada ya siku mbili. Sasa naona korodani hiyo imekuwa ndogo. (Mama, Mafinga)*

Pole sana, mama. Ulifanya ambalo wazazi wengi wangefanya, kwa hiyo usijilaumu. Dalili hizo zinaelekea kwenye korodani iliyojizungusha kwenye kamba yake hadi damu ikakatika. Ikifunguliwa kwa upasuaji ndani ya saa 6, mara nyingi hupona. Ikipita siku nzima, ni nadra kuiokoa. Maumivu huisha kwa sababu imekufa, na baadaye husinyaa.

Mpeleke hospitali wiki hii hii. Kasoro inayoiruhusu korodani kuzunguka mara nyingi ipo pande zote mbili, na daktari anaweza kuishona ile nzima isije ikafanya vivyo hivyo. Korodani moja yenye afya inamtosha kupata watoto. Mwambie hilo wazi, kwa kuwa atakuwa analiwaza peke yake.

Kwa wazazi wengine: wavulana wa miaka 12 hadi 18 huona aibu, husema tumbo linauma. Muulize. Korodani ikianza kuuma ghafla, usimkande wala usimpe dawa ya maumivu ukalala. Ondokeni usiku huohuo, hata kwa bodaboda.

*Mimi ni mwanafunzi, Uyole. Nimemeza dawa za UTI mara nne mwaka huu. Sijapimwa. Mkojo hauniumi, ila natokwa na uchafu na kiuno kinauma. Rafiki zangu wanasema ni vyoo vya hosteli.*

Mdogo wangu, sidhani kama una UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. UTI huunguza wakati wa kukojoa, hukupeleka chooni kila mara kwa mkojo kidogo, na tumbo la chini huuma. Uchafu ukeni unaelekeza kwingine, pengine fangasi au magonjwa ya zinaa, na dawa zake ni tofauti. Choo hakiambukizi UTI. Bakteria hao kwa kawaida hutoka kwenye utumbo wako mwenyewe, na wanawake huwapata kwa urahisi kwa sababu mrija wao ni mfupi. Omba kupimwa uchafu na mkojo. Ikionekana ni UTI inayorudi, mkojo uoteshwe maabara ijulikane dawa gani inawaua bakteria hao. Dozi nne za kubahatisha zinaweza kuwafundisha usugu. Pima na ujauzito pia, kwani UTI kwa mjamzito haifai kungoja.

*Naendesha lori Dar hadi Tunduma. Maumivu makali yanatoka ubavuni yanashuka hadi kinenani, kisha yanaacha. Nimeambiwa niache maziwa.*

Kaka, huenda ni mawe kwenye figo. Maziwa hayana kosa. Kalsiamu ya chakula huwa inasaidia. Punguza chumvi na unywe maji mpaka mkojo uwe mweupe. Najua mnajinyima maji ili msisimame njiani, lakini hapo ndipo mawe yanapoanzia. Ukipata homa pamoja na maumivu, egesha gari uende hospitali.

*Mwanangu anamaliza kukojoa kwa damu. Tunalima mpunga Kyela, anaoga mtoni.*

Mpime kichocho. Mnyoo wake hutoka kwa konokono wa maji yasiyo na chumvi na hupenya ngozi. Dawa ni prazikwantel, kwa kipimo cha uzito. Wapimwe na wengine wanaoingia maji hayo, mama zao wakiwamo. Kisipotibiwa miaka mingi huharibu figo na kinaweza kuleta saratani ya kibofu.

*Nina miaka 58, navuta sigara. Nilikojoa damu siku moja, haikuuma, ikaacha.*

Hii ndiyo barua iliyonikosesha usingizi. Damu isiyouma kwa mvutaji wa umri wako lazima itafutiwe sababu hata ikiwa imeacha, kwa maana saratani ya kibofu huanza hivyo. Usingoje irudi. Omba rufaa ya kuangaliwa kibofu kwa kamera.

*Nimeanza dawa za kifua kikuu, mkojo umekuwa rangi ya chungwa.*

Ni rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, haina madhara kwa mkojo. Usiache dawa. Macho yakiwa ya njano, rudi kliniki siku hiyohiyo.