Bunduki nyepesi ya kuwindia: usiangalie kilo tu

Umeuliza kama bunduki ya kilo 2.5 itakufaa kuwindia swala kwa miguu. Kuibeba ni raha, shida iko kwenye kupiga. Uzito ukipungua, teke la begani, yaani kishindo cha bunduki kurudi nyuma inapofyatuliwa, huzidi. Ukianza kulihofia, unafumba macho na kuvuta kifyatuo kwa ghafla, risasi inakwenda pembeni na mnyama anajeruhiwa bure. Chagua inayofika kilo 3 hivi pamoja na darubini ya kulengea inayofungwa juu yake, ya risasi za 6.5 Creedmoor au 7mm-08, ambazo teke lake ni la wastani. Darubini ya gramu 350 yatosha.

Mtutu mwembamba hupata moto upesi: ukipiga mfululizo, matundu kwenye shabaha huanza kutawanyika. Unaporekebisha darubini ili risasi igonge pale unapolenga, piga risasi tatu, toa zote zilizobaki ndani, acha mtutu upoe kabisa, ndipo uendelee.