Mgodi unaolipa mrabaha na ushuru wa huduma, bado unadaiwa CSR?

SWALI: Mimi ni mhasibu katika mgodi wa kati wa dhahabu Kanda ya Ziwa. Halmashauri imetuandikia barua ikitaka mpango wetu wa mwaka wa CSR (wajibu wa kampuni kwa jamii). Meneja wangu anasema tunalipa mrabaha, tunalipa ushuru wa huduma, na mwaka juzi tulitoa madawati, kwa hiyo hatudaiwi kitu. CSR ni hiari ya kampuni. Nani yuko sahihi? Kama ni lazima, ni asilimia ngapi? TRA (Mamlaka ya Mapato) wataikubali kama gharama? Na ilikuwaje jambo lililokuwa la hisani likageuka la kisheria?

JIBU: Ndugu mhasibu, halmashauri iko sahihi. Meneja wako anazungumzia hali ilivyokuwa kabla ya Julai 2017. Mwezi huo Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 7, iliyoingiza katika Sheria ya Madini ya 2010 kifungu kipya cha 105 kuhusu wajibu wa kampuni kwa jamii. (Ukitumia toleo la sheria lililofanyiwa urekebu, kitafute kwa kichwa chake, maana namba za vifungu hupangwa upya.) Kifungu hicho kinamtaka mwenye leseni ya madini aandae kila mwaka mpango wa CSR na akubaliane na halmashauri ya eneo lake, kwa kushauriana na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na waziri wa fedha. Mpango uguse mazingira, huduma za jamii, uchumi na utamaduni, na ufuate vipaumbele vya halmashauri kwa ajili ya wananchi wanaouzunguka mgodi. Mwaka 2023 zikatoka kanuni mahususi za CSR katika madini. Ziwe mezani kwako, pamoja na mwongozo ambao halmashauri yenyewe inapaswa kuuandaa.

Hoja ya mrabaha na ushuru wa huduma naisikia kila mahali, na si migodini tu. Mrabaha ni malipo ya rasilimali yenyewe. Dhahabu ni mali ya Watanzania, wewe umepewa leseni ya kuichimba, na malipo yake yanaingia Hazina. Kwa dhahabu ulipanda hadi asilimia 6 mwaka huohuo wa 2017, juu yake ikaja ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Ushuru wa huduma ni kodi ya halmashauri chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Hulipwa na mgodi, na hulipwa na kampuni ya mabasi vilevile. Zote mbili, ukishalipa, huna sauti juu ya matumizi yake. CSR inatofautiana hapo: mnakaa mezani na halmashauri, mnakubaliana zahanati ipi, kisima kipi, barabara ipi, na mgodi unabaki kuwa sehemu ya utekelezaji hadi mwisho. Moja haifuti nyingine.

Sasa historia. Nitaieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu ukiwa nayo utaweza kumwelewesha meneja bila kugombana naye.

Makampuni kubeba huduma za jamii si jambo geni nchini. John Williamson aligundua almasi Mwadui mwaka 1940, na mji uliokua pale ulikuwa na hospitali, shule na nyumba za wafanyakazi ndani ya uzio wa mgodi. Aliyekuwa ndani alitibiwa, na kijiji cha nje kiliangalia kwa macho. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ikachukua mabenki, viwanda na mashamba makubwa, na wajibu huo ukahamia kwa mashirika ya umma, yaliyofika takriban 400. Kiwanda kilijenga nyumba za wafanyakazi, kilikuwa na zahanati, kilikuwa na timu. Watu wa rika langu wanaikumbuka Reli ya Morogoro, Pamba ya Mwanza, Bandari ya Mtwara. Hizo zote zilikuwa timu za sehemu za kazi. Hakuna aliyeita mambo hayo CSR. Shirika lilikuwa la umma, kwa hiyo kuhudumia umma kulihesabiwa kuwa sehemu ya kazi yake, hata pale lilipokuwa likizalisha hasara mwaka hadi mwaka. Na hasara hizo ndizo zilizouangusha mfumo wote.

Miaka ya 1990 mashirika yakabinafsishwa. Mnunuzi alinunua mitambo na majengo, akaacha zahanati na timu. Pengo hilo halikuzibwa na sheria yoyote. Sheria ya Madini ya 1998 ililenga kuvuta wawekezaji, na ikawavuta: Geita ilianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, North Mara 2002. Mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Kwa halmashauri, mikataba ya uendelezaji migodi ilipanga malipo ya jumla ya dola 200,000 kwa mwaka badala ya ushuru wa huduma unaokokotolewa kwa mauzo. Ukifikiria mgodi mkubwa ulivyokuwa ukiuza, na idadi ya watu waliokuwa wakimiminika kwenye miji hiyo wakihitaji maji, shule na hospitali, utaelewa hasira iliyojaa vijijini wakati ule.

Zama hizo ndizo alizokulia meneja wako. CSR ilikuwa idara ya mahusiano ya kampuni. Kampuni iliamua yenyewe itoe nini, lini na kwa nani, na siku ya makabidhiano mkuu wa wilaya alishika upande mmoja wa hundi ya mfano yenye ukubwa wa mlango. Yalifanyika mambo ya maana, nisiyapuuze: kampeni ya kupanda Mlima Kilimanjaro kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI, iliyoanzishwa na mgodi wa Geita mwaka 2002, imeendelea kwa zaidi ya miaka 20. Lakini mwananchi hakuwa na haki ya kudai. Alichopewa alishukuru, alichonyimwa alinyamaza.

Shinikizo likajengeka taratibu. Kamati ya Jaji Mark Bomani, iliyopitia sekta ya madini, ilitoa ripoti mwaka 2008, Tanzania ikajiunga na mpango wa kimataifa wa uwazi katika madini na mafuta mwaka 2009, Sheria ya Madini ya 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 4, na ile dola 200,000 ikapisha ushuru wa huduma wa kawaida. Kisha likaja vuguvugu la 2017, na CSR ikahama kutoka idara ya mahusiano kwenda kwenye baraza la madiwani.

Mimi naliunga mkono badiliko hilo kwa moyo wote, ila limeleta zigo ambalo wengi hawalisemi. Zamani swali lilikuwa kampuni ina ukarimu kiasi gani. Leo swali ni halmashauri ina uwezo gani wa kupanga na kusimamia. Ripoti za ukaguzi za CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) kwa serikali za mitaa zimekuwa zikirudi kwenye udhaifu uleule wa CSR: miradi inayochelewa, isiyokamilika, au isiyofuata makubaliano. Fedha ipo, boma (jengo lisilokamilika) limesimama hadi linta, na wajawazito bado wanatembea kilomita nyingi kwenda kujifungua. Hilo linaniuma, kwa sababu ni shida inayotatuliwa mezani kabla ya tofali la kwanza kupangwa.

Kuhusu asilimia: kifungu cha sheria hakitaji asilimia. India iliweka kiwango katika Sheria ya Makampuni ya 2013, asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu iliyotangulia, kwa makampuni yaliyovuka ukubwa fulani. Mauritius ilianza na asilimia 2 mwaka 2009. Sisi tulichagua makubaliano. Ndiyo maana utakuta Geita mgodi mkubwa ulianza na kiasi cha shilingi bilioni 9 na ushee kwa mwaka kwa makubaliano na halmashauri, na kampuni ya madini ya Barrick ikaahidi dola 6 kwa kila wakia (kipimo cha uzito wa dhahabu) inayouzwa. Benki zetu kubwa kama CRDB na NMB hutenga asilimia 1 ya faida baada ya kodi, lakini hiyo ni sera yao wenyewe. Sheria ya madini haiwahusu.

Kwa mgodi wa ukubwa wenu ningependekeza kipimo cha wakia. Kiasi maalumu cha shilingi kitawabana mwaka ambao kinu kimekaa miezi mitatu bila kufanya kazi. Asilimia ya faida nayo itawaletea ugomvi, kwa sababu diwani hana namna ya kuihakiki faida yenu, na mwaka wa hasara atasema mmeificha. Wakia zinapimwa na Tume ya Madini kabla ya mzigo kuuzwa, kwa hiyo namba ni moja kwa pande zote.

Halafu mpango wenyewe. Mipango mingi ninayoletewa niipitie ina mistari ya namna hii: "Ujenzi wa zahanati, milioni 80." Mstari huo haufai kusainiwa. Andika kijiji gani na tarehe ya mkutano mkuu wa kijiji uliopitisha mradi. Ambatisha makadirio ya gharama ya mhandisi wa halmashauri, hadi kwenye nondo na bati. Taja nani ananunua vifaa, mgodi au halmashauri, na bei ya mfuko wa saruji uliofikishwa eneo la ujenzi. Migogoro mingi ya CSR niliyoiona ilianzia kwenye bei ya vifaa, pale kampuni ilipoagiza kwa mzabuni wake kwa bei ambayo duka la jirani lisingethubutu kuitaja, gharama ikahesabiwa kama mchango kwa jamii. Kisha, jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau, pata barua ya mganga mkuu wa wilaya inayothibitisha kwamba watumishi na dawa vimo kwenye bajeti yake. Jengo bila muuguzi halijamsaidia mtu. Na kama mradi unazidi uwezo wa mwaka mmoja, ugaweni kwa awamu ndani ya mpango, msiache kila upande ukisubiri mwenzake.

Kwenye kodi, kuwa mwangalifu. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 kinatofautisha michango. Unachotoa kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa au kwa mradi wa maendeleo ya jamii kinaruhusiwa kupunguzwa, lakini kisizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara yako (si mauzo, bali kinachobaki baada ya gharama) kabla ya kuondoa mchango huo. Unacholipa kwa halmashauri kwa wajibu wa kisheria wa kuchangia miradi ya maendeleo ya jamii hakina kikomo hicho.

Chukua mapato ya biashara ya shilingi bilioni 3. Kikomo ni milioni 60. Mmejenga wodi wenyewe kwa milioni 100 na TRA wakaiona kama mchango wa kawaida: milioni 40 zinarudishwa kwenye mapato, na kwa kiwango cha asilimia 30 mnalipa kodi ya milioni 12 juu ya fedha mliyokwishaitumia kwa wananchi. Fedha ileile ikilipwa halmashauri chini ya mpango ulioidhinishwa, hoja yenu ya kupunguza milioni 100 zote ni imara zaidi. Mkitaka kujenga wenyewe na bado mdai punguzo lote, ombeni kwanza msimamo wa maandishi wa Kamishna Mkuu wa TRA, msisubiri mkaguzi aje baada ya miaka mitatu. Na kila shilingi iwe na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki. Bila hiyo hata hoja nzuri haitawasaidia.

Kwenye daftari, fungua akaunti ya CSR inayojitegemea. Usiichanganye na matangazo, wala na fidia ya ardhi. Fidia ni haki ya aliyehamishwa, na nimeona migodi ikiiingiza humo ili namba ya CSR ionekane nene. Usikubali hata ukishinikizwa.

Madawati ya mwaka juzi hayataingia kwenye mpango huu, kwa kuwa hayakuidhinishwa na baraza. Yaandikeni kama mchango uliopita, yawe sehemu ya rekodi yenu mbele ya madiwani. Na anzeni mapema: mwaka wa fedha wa halmashauri ni Julai hadi Juni, na bajeti yake hujadiliwa na baraza miezi ya mwanzo ya mwaka. Rasimu yenu ikifika kwa mkurugenzi kabla ya Januari kwisha, miradi yenu itapangwa pamoja na ya kwao. Ikifika Mei, mtapewa mabaki: maboma ambayo hakuna mfadhili mwingine aliyeyataka.